Minazi Mitatu ya Chundwa

Mwanakheri,

Leo ni siku ya hamsini na tatu tangu tukuzike, na ni siku ya kwanza nimeweza kukaa mezani bila kutega sikio kama unaniita. Dua nimekusomea alfajiri, na najua dua ndiyo inayofika. Barua hii haina pa kufikia. Naiandika hivyo hivyo, kwa sababu nimezoea jambo likinikaa kifuani nilitie kwenye karatasi.

Kwanza habari za nyumbani. Chai najipikia mwenyewe. Si nzuri, lakini naimaliza. Sukari nimeiona: ulikuwa umeificha ndani ya kopo la dengu, ukijua kwamba dengu sizigusi. Miaka sita tangu daktari anikataze, na miaka sita nimejisifu mbele ya watu kwamba nimeweza kujizuia. Sasa namjua aliyenizuia. Kanga zako tumezigawa kama ulivyoagiza, isipokuwa moja. Hiyo sitaitolea maelezo. Binti yetu hunipigia simu kila Alhamisi na kuniuliza nimekula nini, nami namtajia vyakula vya heshima. Bomba la uani limetengenezwa. Wewe ulilipigia kelele miaka miwili, na fundi amekuja wiki moja baada ya wewe kuondoka. Nilimtazama akifanya kazi, nikatamani kumwambia alirudishe livuje kama zamani.

Lakini sikukaa hapa kukuandikia habari ya bomba. Bi Rukia, shoga yako wa tangu utotoni, alitoka Chundwa, kisiwani Pate, kuja kwenye arobaini yako hapa Mombasa, na umri ule alio nao, safari yenyewe ni ibada. Siku ya kuondoka aliniambia jambo. Nimelibeba wiki nzima, na siwezi kumweleza mtu mwingine kabla yako. Niache nilieleze kwa mpangilio wangu, ingawa mwanzo wake waujua kuliko mimi. Kila mara ulinikatiza hapa na pale kunisahihisha. Leo nitafika mwisho, na ningelipa chochote nisifike.

Wajua nilikozaliwa: upande wa bara, ng'ambo ya Pate, katika kijiji ambacho leo hakimo kwenye ramani. Kule ardhi ilikuwa pana. Mtu alifyeka msitu, akalima, akapanda miti yake, na pale pakawa pake, hakuna aliyeuliza. Miaka michache baada ya Uhuru mashifta walianza kuingia vijijini, na kijiji chetu kikahama kwa siku mbili. Mimi sikuwapo. Nilikuwa chuo kikuu, Kampala, mwaka wa kwanza, nimekaa maktabani nikisoma Wayunani walivyousifu mji wenye haki. Barua ya mama ilinifikia baada ya wiki tano, imeandikwa na mkono wa mtu mwingine: Sote tu wazima, tuko Chundwa, usiende kwetu, hakuna mtu.

Nilikuwa nimeandikishwa kusomea ualimu wa Kiingereza. Wiki ile nilikwenda ofisini nikaomba kuhamia sayansi ya siasa. Karani aliniuliza sababu, nikamwambia naipenda. Sababu hasa sikumwambia yeye wala mtu yeyote: nilitaka kujua ni nani huamua. Kijiji kizima kilikuwa kimeondoka mahali kilipokaa tangu babu wa babu yangu, na sikuweza kumwonyesha kidole mtu mmoja nikasema, huyu ndiye aliyekata shauri. Nilidhani jambo kama hilo lina elimu yake. Nasema kweli, lina elimu yake, na sijapata kuijutia. Tulisoma katiba za nchi ambazo hatukutarajia kuziona. Tulichora serikali ubaoni kama fundi achoravyo nyumba, hapa mfalme, hapa mawaziri, hapa mahakama, na mishale ikitoka huku kwenda kule kuonyesha nani anamwamuru nani. Wenzangu walitaka kuwa mabalozi. Mimi nilipenda ile mishale.

Mwisho wa mwaka wa pili mwalimu wetu, Mzungu mmoja mpole aliyevuta kiko hata kikiwa kimezimika, alitupa kazi ya likizo. Kila mwanafunzi aende kwao, achunguze watu wanavyojitawala, aandike kurasa arobaini. Kwa kurasa hizo ndipo angechagua nani aendelee na siasa mwaka wa tatu na nani arudi kwenye masomo mengine. Nikamwambia kwetu hakuna tena. Alifikiri kidogo, akatoa kiko mdomoni, akasema, "Basi nenda waliko watu wenu."

Ndivyo nilivyofika Chundwa, na miwani yangu, na suruali mbili, na bunda la karatasi za maswali zilizopigwa chapa.

Mama alikuwa na kibanda mwisho wa kijiji, katika shamba la baba yako, Bwana Shee. Alikuwa mjane, na baba yako alimwazima shamba lile kwa masharti ya Chundwa, ambayo hayakuandikwa popote. Kila mwanzo wa msimu mwenye shamba huja na jembe lake mwenyewe. Hupiga jembe la kwanza, husema bismillahi, na hapo aliyeazimwa huanza kulima. Asipokuja, umeshaambiwa. Utapanda mtama, kunde, ufuta, tumbaku, chochote kinachovunwa kikaisha. Mti hupandi. Mti hukaa, na mwenye mti hudai kukaa na mti wake, na baada ya miaka ishirini nani atakumbuka ardhi ilikuwa ya nani?

Hayo nayaandika leo kwa urahisi. Wakati ule sikuyajua, na hakuna aliyeniambia, kwa kuwa Chundwa hapakuwa na mtu asiyeyajua.

Siku tatu za kwanza mama hakuwapo. Alikuwa amekwenda Siyu kwenye matanga ya jamaa. Asubuhi nilipita na karatasi zangu nyumba hadi nyumba. Wanaume waliokaa karibu na msikiti walinipokea kwa furaha.

"Bwana Abdalla, huko wasomea nini?"

"Nasomea siasa."

"Kura yangu umepata. Wasimama lini?"

"Sisomei kusimama. Nasomea kuielewa."

"Aa," alisema mwingine. "Basi huyu ni mwoga."

Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikatoa karatasi na kuanza kuwauliza. Nani mwenye shamba lile? Tangu lini? Kwa ushahidi gani? Mgogoro ukitokea, nani huamua? Walijibu kwa upole, kila mtu akimsubiri mwenziwe ajibu kwanza. Niliandika kila neno, na sikuona kwamba kicheko kilikuwa kimekwisha tangu swali la pili.

Jioni ya siku ya pili nikafanya lile jambo. Kule kwetu mama alikuwa na minazi kumi na mmoja nyuma ya nyumba, na kila mmoja alikuwa ameupa jina. Nilikuwa nimetoka Amu na kikapu chenye miche mitatu, zawadi ya kumpoza moyo. Nilichimba mashimo nyuma ya kibanda, nikatia majivu na chumvi kama alivyonifundisha mwenyewe, nikaipanda. Nilitumia kamba ili isipinde. Ilisimama katika mstari ulionyooka kabisa, kama mpaka.

Jiweke mahali pa baba yako. Umemwazima mjane shamba. Anakuja mwanawe aliyesoma, na karatasi zenye chapa, anauliza ushahidi wa mashamba ya watu. Kesho yake, ndani ya shamba lako, kuna minazi mitatu kwa mstari. Na zile zilikuwa siku ambazo kila mtu visiwani alikuwa amesikia kwamba maofisa wa bara wanakuja kupima ardhi, ingawa hakuna aliyejua lini.

Watu wa Pate wakikasirika hawafoki. Huzidisha adabu. Asubuhi baba yako alinisalimu kuanzia mlango wa msikiti mpaka kisimani. "Hujambo, Bwana. Habari ya masomo, Bwana. Habari ya Kampala. Serikali haijambo, Bwana?" Nilijibu kwamba serikali haijambo. Nikaenda zangu nikiandika kichwani kwamba wenyeji ni wakarimu.

Mama alirudi adhuhuri. Aliiona miche kabla hajatua mzigo. Alikaa chini, pale pale mchangani, na buibui lake la safari, kisha akaniambia:

"Shifta walinifukuza mara ya kwanza. Mara ya pili wanifukuza weye, mwanangu."

Nikashika jembe niing'oe. Akanizuia. Nikiing'oa, akasema, nitakuwa nimekiri kwamba niliipanda kwa nia ya kunyang'anya, ndipo nikaogopa. Nikiiacha, nitakuwa nanyang'anya. Mvua ya masika ilikuwa karibu, majirani walikwisha kuwasha moto wa magugu, na baba yako alikuwa amewapigia jembe la kwanza watu wanne aliowaazima mashamba. Kwetu hakuja. Mama alifagia mbele ya kibanda kila asubuhi, akaweka mkeka, akamngoja. Bila jembe lile hakuwa na shamba, na bila shamba hakuwa na sababu ya kuwa Chundwa, wala pengine pa kwenda. Sina siku nyingine maishani niliyojiona mjinga vile, na nilikuwa nimesoma serikali za mataifa saba.

Nilifanya nilichojua. Niliandika barua. Niliiita mkataba, na nikaugawa vifungu: mimi Abdalla sidai, wala sitadai, na kadhalika. Niliitia na saini. Nikampa mtu ampelekee Bwana Shee.

Jibu ulileta wewe. Ndiyo mara ya kwanza nilikuona, au tuseme nilisikia sauti yako kabla sijakuona, kwa kuwa mlango ulijaa sinia. Juu ya kawa ilikuwako barua yangu, haijafunuliwa, na chini ya kawa mikate ya mofa na samaki.

"Baba asema mato yake hayasomi maandishi haya ya Kizungu," ukaniambia. Sikuwa nimefikiri. Baba yako alisoma na kuandika maisha yake yote kwa herufi za Kiarabu, na mimi nilimpelekea ukurasa ambao kwake ulikuwa sawa na nyayo za kuku. "Na kama Bwana ana neno, baba yuko msikitini mara tano kila siku."

"Ni mkataba," nikasema. "Ili kila mtu ajue haki yake."

"Na hivi sasa hawajui?"

Ukatua sinia.

"Hiyo siasa mwaisoma miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Mitatu," ukasema, ukamgeukia mama. "Bi Zuhura, huko Kampala watu ni wazito?"

Mama alicheka. Tangu arudi kutoka Siyu hakuwa amecheka. Ukaingia ndani kukaa naye, maana alikuwa akikufundisha kushona kofia, na mkakaa mpaka karibu na alasiri. Nilikaa nje na kitabu. Mara moja mama aliniita.

"Abdalla, ile minazi ni yako au ni yangu?"

"Ni yako, mama. Nimekuletea weye."

"Sema vyema, Mwanakheri asikie."

"Minazi mitatu nimempa mama," nikasema kwa sauti, na nikaona uchungu, nikidhani mama anataka kufarijiwa mbele ya mgeni. Nikarudi kwenye kitabu changu. Nakumbuka hata sura niliyokuwa nikiisoma. Ilikuwa juu ya ridhaa ya watawaliwa.

Ijumaa nilikwenda msikitini nikakaa safu ya tatu, nyuma ya nguzo. Baada ya sala Maalim Bakari, imamu, baba yake Bi Rukia, aliwaomba watu wasiondoke. Alisema Bi Zuhura ametoa minazi yake mitatu kwa ajili ya msikiti, na Bwana Shee ametoa ardhi iliyo chini ya minazi hiyo, na kwamba mti na udongo wake kuanzia leo ni wakfu, si wa huyu wala wa yule, haurithiwi wala haudaiwi, na nazi zake zitakuwa za mafuta ya taa na kamba ya kisima. Akawaombea wote wawili. Watu wakaitikia amina. Kisha wakageuka, wakaniangalia mimi, mtu baada ya mtu, wakanipa mkono. Mikono ya haraka, salamu fupi, kama anavyosalimiwa mtu wa nyumbani.

Kesho yake kabla jua halijawa kali baba yako alikuja na jembe begani. Hakuitazama minazi. Alipiga jembe la kwanza, akasema bismillahi, akamuuliza mama kama safari hii atapanda kunde upande wa juu au wa chini. Mvua ilinyesha Jumatatu.

Mama alilima shamba lile miaka kumi na tisa, mpaka alipokufa, na amezikwa Chundwa miongoni mwa watu wenu kama mmoja wao. Mimi kwetu sikurudi tena. Nimeishi katika nyumba za kazi, kisha katika nyumba za kupanga, kisha hapa. Lakini kila nilipoulizwa kwetu ni wapi, nilikuwa na pa kutaja, kwa sababu ya asubuhi ile.

Kurasa arobaini ziliandikika zenyewe. Nilieleza shamba la kuazima, jembe la kwanza, mti na udongo. Nilichora picha yenye mishale: imamu juu, mwenye shamba kulia, mjane kushoto. Niliandika kwamba wazee wa Chundwa, kwa kupitia msikiti, walilitafutia jambo hilo ufumbuzi bila mahakama na bila askari. Mwalimu alifurahi. Alinipa alama ambazo sikuwa nimepata kuzipata, na ukingoni mwa ukurasa wa thelathini na moja aliandika kwa penseli swali moja: nani alilitoa wazo hili kwanza? Nilimjibu uso kwa uso, nikijiamini, kwamba ni Maalim Bakari. Nikaendelea na mwaka wa tatu, nikapata shahada yangu, na mwaka uliofuata nikakupata wewe.

Wakumbuka tulipokuwa na mwaka mmoja wa ndoa niliitoa kazi ile nikakusomea, sentensi kwa sentensi, nikiifasiri? Ulikuwa ukishona kofia. Ulisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa tabia yako. Kisha ukakata uzi kwa meno, ukasema, "Umeandika vyema. Wanaume wataipenda."

Nilikushukuru. Subhanallah, Mwanakheri, nilikushukuru.

Sasa nakuja kwa Bi Rukia. Alikuwa amekaa barazani kwetu, amekwisha funga mizigo, anangoja gari. Binti yetu alikuwa akimpa maji. Nikaanza kumsimulia binti yetu, kama nilivyomsimulia mara nyingi, jinsi wazee wawili wa Chundwa walivyokuwa na busara siku zile. Bi Rukia alinisikiliza, kisha akasema, "Bwana Abdalla, mpaka leo hujui?"

Akaeleza. Siku ile ulipotoka kwa mama na sinia tupu hukwenda kwenu. Ulikwenda kwa Bi Rukia, mkakaa jikoni kwao, mkapanga. Usiku ule yeye alimwambia baba yake kwamba amesikia Bwana Shee anataka minazi ile iwe wakfu na ardhi yake aitoe, ila anaona haya kulitaja, asije akaambiwa amemnyang'anya mjane. Na wewe ukamwambia baba yako kwamba umesikia Maalim anaitaka minazi ile kwa ajili ya msikiti, ila anaona haya kumuuliza, kwa kuwa ardhi ni yake. Alhamisi baada ya alasiri wazee wawili walikutana mlangoni mwa msikiti. Bi Rukia alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta akiwasikiliza.

"Nimesikia shauri lako, Bwana Shee."

"Nami nimesikia lako, Maalim."

"Mola akulipe."

"Akulipe weye kwanza."

Basi. Ndiyo mazungumzo yote. Kila mmoja aliamini mwenziwe ndiye aliyelianza, na kila mmoja, asema Bi Rukia, alimsifu mwenziwe kwa ukarimu huo mpaka walipokwenda kaburini. Mama alijua. Ndiyo maana aliniita niseme minazi ni yake, na wewe usikie: bila mwenye mali kutamka, wakfu usingesimama, na ulikuwa umelifikiria hilo kabla hujamaliza kushona ukingo wa kofia. Wanawake wa Chundwa nusu yao walijua. Wasiojua walikuwa wazee wawili na mwanafunzi mmoja wa sayansi ya siasa.

Nilimuuliza Bi Rukia kwa nini ulifanya. Nilikuwa na tamaa ya jibu fulani, sitakuficha.

"Hakufanya kwa ajili yako," akasema. "Weye alikuona kichekesho. Alikuwa hajamaliza kujifunza kofia ya vito, ile ya matundu, na Bi Zuhura akiondoka nani angemfundisha?"

Nilicheka, Mwanakheri. Nilicheka hata binti yetu akaleta maji kwa ajili yangu pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile, na sikuona aibu.

Nimelifikiri wiki nzima, na nakuapia sina kinyongo. Miaka mitatu nilisomea nani huamua. Miaka thelathini na kitu nikakaa katika ofisi za serikali nikipokea maamuzi na kuyapeleka mbele. Jioni nilirudi nyumbani, nikakuta mtoto mmoja amehamishwa shule, ndugu wawili waliogombana wanakula sinia moja, jirani mkorofi ameanza kutusalimu, na nilidhani ni mambo tu yaliyojipanga. Ningekuwa na hasira kama ungekuwa umenidanganya. Lakini hukunidanganya. Ulinisikiliza nikisoma kurasa arobaini, ukanipa jibu kwa maneno mawili, na mimi ndiye sikusikia. Mwalimu wangu aliuliza swali la haki. Nilimjibu jibu lisilo la kweli, na nimeishi kwa raha juu ya jibu hilo. Sijui kama yuko hai. Kama hayuko, huenda huko mlipo mtakutana, nawe umweleze. Kiingereza chako kilikuwa kinatosha.

Gari lilipofika Bi Rukia aliinuka, akafunga mtandio, akasema, "Na hilo ni moja tu."

Nikamuuliza mengine ni yepi.

"Njoo Chundwa, Bwana Siasa," akasema. "Hapa barabarani si mahali pake."

Basi nakwenda. Daktari ameniruhusu, binti yetu hajaniruhusu, lakini nimejifunza kwako namna ya kupita hapo. Nitaondoka mvua zikikatika. Nitazuru kaburi la mama, na la baba yako. Kisha nitakaa jikoni kwa Bi Rukia na hao wenzenu waliobaki, nao ni watatu, na nitanyamaza mpaka waseme wao. Nakuahidi kwamba nitakachoambiwa nitakiandika kwa Kiswahili, kwa majina ya waliokifanya, na nitakisoma mbele yao kabla hakijatoka Chundwa. Sitaandika tena kwamba wazee waliamua.

Na liko jambo moja ambalo nitaliuliza mimi, hata kama hawakulitaja. Siku ile nilipomwendea baba yako kukuposa, nilikuwa nimetunga hotuba. Siku tatu niliitunga, na nilidhani hakuna kiumbe aliyejua nia yangu. Nilifika kwenye sentensi ya pili. Baba yako akanikatiza, akaniambia, "Umechelewa, Bwana Abdalla. Tunakungoja tangu mwezi wa Shaaban." Nilidhani ananitania. Tulioana, tukapata watoto, tukazeeka, na sikupata kuuliza alikuwa akingoja kwa habari iliyotoka kwa nani.

Pumzika, mke wangu. Mola akupe nafasi pana huko, na watu wa kuwapangia mambo yao.

Mumeo,
Abdalla